Niliogopa Kitu Chenye Pumzi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na aliyekaa benchi la nyuma kabisa naye aseme amina, maana mimi ndiye niliyekuwa nakaa huko nyuma miaka yote, na leo nimekuja mbele.

Jumatano, tarehe 12 Mei 1965, nilimpoteza mwanangu wa kwanza, Yohana. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa mkata mkonge katika shamba moja karibu na Korogwe. Jumapili alilalamikia kichwa, Jumatatu shingo ikakakamaa, Jumatano alfajiri akafariki. Aliletwa kwetu, upande wa Mazingara, juu ya lori tupu lililokuwa linafuata mahindi, na watu wa lori walikataa nauli. Mungu awakumbuke popote walipo.

Mimi sikulia. Nilisimama kaburini macho makavu, na watu wakasema mzee huyu ana imani kubwa. Haikuwa imani, ndugu zangu. Nilikuwa nimefungwa, na nilikaa katika kifungo hicho miaka miwili na miezi minne. Leo nataka mjue nilifungwa na nini na nilifunguliwa namna gani. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa.

Kila mwisho wa mwezi, kwa miaka mitatu, Yohana alinipa sehemu ya mshahara wake nimtunzie. Alikuwa amechumbia msichana wa Mpale, na fedha ile ilikuwa ya mahari na ya bati za nyumba yake. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha, halafu ananitania: "Mzee, usizile hizi, zina jina la mwanamke." Siku aliyofariki zilikuwa zimefika shilingi mia sita na arobaini, noti za kumi na za ishirini. Wazazi wa yule binti walikuja msibani, wakalia na sisi, na baada ya muda binti akaolewa kwingine. Sina neno nao.

Noti hizo nilizifunga katika kipande cha shati lake, nikazitia ndani ya kopo la kakao, nikalitundika darini juu ya mafiga, pale tunapotundika mahindi ya mbegu. Nyumba zote za kwetu zinajua sababu yake. Moshi ukipita mahali kila siku, mdudu hapasogelei. Mchwa hafiki, bungua hatoboi. Nilijiambia kwamba fedha ya mwanangu imekaa salama kuliko fedha ya mtu yeyote wilaya nzima.

Basi wakaanza kuja watu na mashauri, na mashauri yao, nakiri, yalikuwa mazuri. Tuna jirani mfugaji, Mmasai, anaitwa Lemburis. Siku moja alikaa kwenye kigogo mlangoni kwangu, akachora mavumbini kwa fimbo. Kwa fedha ile, alisema, nitapata mitamba minne. Mwaka wa pili nina ndama wawili, labda watatu. Ikija ndigana, ile homa ya kupe, na wakifa wawili, bado nitakuwa na zaidi ya nilivyoanza, na maziwa juu yake. Alieleza vizuri kuliko karani. Lakini mimi katika maneno yote hayo nilisikia neno moja tu: wakifa.

Nikamwambia fedha yangu ipo, imetulia, haisumbui mtu. Palikuwa na majirani wengine wawili watatu pale. Lemburis akawageukia, akasema, "Huyu bwana tusimcheke. Sisi tunafuga ng'ombe, yeye anafuga makaratasi." Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba Yohana, yamezaa?"

Walicheka sana. Hata mimi nilicheka kwa meno. Halafu nikamjibu, "Makaratasi hayana pumzi, Lemburis. Kisicho na pumzi hakifi."

Lemburis alifuta ile michoro yake kwa unyayo, akasema pole, akaenda zake.

Shemeji yangu wa Dindira naye alituma salamu nipande kwake milimani, anigawie kipande cha shamba tupande chai. Alisema miche ya chai inataka subira ya miaka, lakini ikishika, unachuma mpaka uzee. Nikauliza, ikipigwa na jua kabla haijashika? Akasema basi imekufa, unapanda mingine. Ndugu zangu, niliikataa chai kwa sababu nayo inavuta pumzi!

Msidhani nilikuwa mjinga wa hesabu. Nilijua kwamba fedha iliyokaa haiongezeki. Noti hazikupungua hata moja, lakini bei ya mtamba ilipanda, na mia sita ile ile ya mitamba minne ikawa ya mitamba mitatu, bila mtu kuniibia. Nililiona hilo kwa macho yangu. Lakini hasara ya namna ile haina kilio. Hakuna siku unayoamka ukaambiwa imetokea. Na mimi nilichokuwa naogopa si hasara. Nilikuwa naogopa kuamka tena alfajiri na kuambiwa kwamba kitu cha Yohana kimekufa.

Hata mwinjilisti wetu alipohubiri habari ya yule mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake, nilikaa kule nyuma nikajisemea moyoni kwamba hayo hayanihusu, maana mimi sikufukia chini, nimetundika juu. Mnacheka, nami nacheka leo. Siku ile sikuwa nacheka.

Sasa ikaja mwaka 1967. Serikali yetu ilikuwa imeshatoa noti zetu wenyewe, na zile za zamani, za nchi tatu kwa pamoja, zikawekewa siku ya mwisho. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Rajabu, alipita mlango kwa mlango kutangaza. Yeye ni Mwislamu mcha Mungu na hana haraka. Alikaa, akanywa maji, akanieleza taratibu kwamba baada ya siku ile ya mwezi wa tisa, noti ya zamani haitanunua hata kibiriti. Alinieleza mara mbili, kwa sababu alijua nina nini darini. Kijiji kizima kilijua.

Nilimwitikia. Nilimshukuru. Na nikakaa.

Nisemeje mnielewe? Noti mpya hazikuguswa na mwanangu. Zile za darini zilipita mikononi mwake moja moja, mikono yenye makovu ya miiba ya mkonge. Noti moja ilikuwa na doa la utomvu wake kwenye kona. Mtu angenipa mia sita na arobaini nyingine, fedha ingekuwa ile ile, lakini Yohana angekuwa amebaki wapi? Hilo ndilo kosa langu, nalisema mbele ya kanisa. Nilikuwa namtunza mtoto ndani ya kopo.

Mke wangu ndiye aliyesema. Alikuwa anapika, na moshi ulikuwa unapanda kama kawaida. Alisema bila kugeuka, "Wewe ulimzika mara moja. Mimi kila nikiwasha moto nainua macho, namwona amening'inia pale."

Kesho yake nililiteremsha kopo, nikaenda. Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikapanda lori mpaka Handeni, kisha basi mpaka Korogwe. Pale penye dirisha la kubadilishia palikuwa na foleni ndefu: wakata mkonge, wenye maduka, akina mama wenye vibunda kifuani. Nilisimama tangu saa mbili. Nilipobakiwa na watu watatu mbele yangu, nilifungua kitambaa. Harufu ya moshi wa nyumbani ikanijia usoni, na ndani yake, au nilidhani tu, harufu ya shati lile. Miguu yangu ilitoka kwenye foleni kabla sijaamua. Nilirudi nyumbani na noti zote.

Na sasa nasema lililo baya zaidi. Mke wangu alinipokea uani, akauliza kama imekwisha. Nikasema imekwisha. Nilisema uongo! Mimi, mkristo wa kubatizwa, mume wake kwa miaka ishirini na sita. Kopo nililificha katika gunia la majembe yaliyovunjika.

Alikwenda kumshukuru Mzee Rajabu kwa niaba yangu. Aliporudi alianza kutwanga, na alipokuwa anatwanga, akaimba. Ndugu zangu, tangu tulipomzika Yohana mwanamke yule alikuwa hajaimba, si shambani wala kanisani. Aliimba kwa sauti ya chini tenzi moja ya asubuhi, kinu kikimfuatisha, na kila mchi ulipopiga, mimi ulinipiga kifuani. Alikuwa anaimba juu ya uongo wangu. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nilikwenda shambani mapema ili nisisikie, na huko shambani nikasikia wimbo ule ule kichwani. Siku ya tatu niliacha jembe kwenye mtaro, nikapiga magoti kati ya mihogo. Sikuomba maombi marefu. Niliomba, "Bwana, siwezi. Nifungue wewe." Na palepale nikalia! Nililia kama mtoto, mdomo wazi, udongo ukiniingia. Nilimlilia Yohana wangu, kwa mara ya kwanza.

Niliporudi nilimkuta mke wangu anachambua maharagwe. Nililitoa kopo ndani ya gunia, nikaliweka mbele yake, nikamwambia yote: foleni, harufu, uongo. Nilingoja anitukane, na alikuwa na haki. Alilitazama kopo, mkono wake bado umo ndani ya maharagwe. Kisha akasema maneno ambayo nitakwenda nayo kaburini.

"Siku ya mwisho ya Yohana ilikuja, Baba Yohana, na hatukuweza kuizuia. Ya hizi noti ni keshokutwa. Hii tunaweza."

Akanyanyuka, akanifungia viazi vya njiani.

Alfajiri niliondoka. Kufika barabarani, hakuna lori. Saa tatu, hakuna. Saa tano likapita moja limejaa watu mpaka juu ya kichwa, nami sikujua lililonijaa machoni kama ni machozi au vumbi. Ndipo nikamwona Lemburis anakuja na vijana wake, wanapeleka ng'ombe mnadani Handeni. Aliposikia ninakokwenda hakuuliza la pili. Aliwaachia vijana ng'ombe wake wote, akasimama katikati ya barabara amekunja mikono juu ya fimbo, na gari la kwanza lililokuja, gari la mwenye duka mmoja, lilisimama kwa sababu lisingeweza kufanya vinginevyo. Akamwambia dereva, "Mzee huyu anapeleka mtoto wake. Mchukue." Dereva alitazama huku na huku akitafuta mtoto, lakini alinichukua.

Usiku nililala kwa mshirika mwenzetu wa Korogwe, na siku ya mwisho yenyewe nikawa wa kumi na moja kwenye foleni. Safari hii nilifungua kitambaa mlangoni, nikaivuta ile harufu makusudi, nikasema moyoni kwaheri mwanangu, na nikasogea mbele.

Karani alikuwa kijana wa mjini, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alizipokea, akazisogeza puani, akaniangalia. Zilikuwa zimekuwa rangi ya kahawia kama majani makavu ya tumbaku.

"Shikamoo mzee. Ulikuwa unazibanika?"

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nazitunza."

"Zimeiva," alisema, na foleni yote ikacheka. Lakini alizitenga moja moja kwa uangalifu sana, kama mtu anayeshika mbawa za kipepeo. Hata hivyo mbili za kumi zilimeguka vipande vidogo vidogo mbele yetu sote, kwa sababu joto la mafiga lilikuwa limezikausha miaka yote hiyo. Alisema kwa hizo hana la kufanya, na aliniomba radhi. Hivyo, ndugu zangu, mahali pale nilipopaita salama kuliko pote, moto ulikuwa unakula polepole bila mimi kujua. Angekuwa mdudu ningemwona.

Nilitoka na shilingi mia sita na ishirini, noti mpya, safi, zinazoteleza. Nilizitazama juani. Na hapo, Bwana asifiwe, hapo ndipo nilipojua nimefunguliwa! Zilikuwa noti tu! Hazikuwa na jina, hazikuwa na mkono wa mtu, hazikunililia. Mwanangu hakuwa ndani yake, na wala hakuwa amewahi kuwa ndani ya zile nyingine. Yohana yuko kwa Bwana wake tangu Jumatano ile alfajiri! Nilikuwa namlinda mtu asiyehitaji mlinzi. Nilicheka peke yangu katika barabara ya Korogwe mpaka mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu.

Nilipofika nyumbani tulikaa, mimi na mke wangu, tukashauriana kwa mara ya kwanza kama watu wazima. Yeye alisema tusirushwe na furaha. Alisema kitu chenye faida kinaweza kufa, ni kweli, na kisichokufa hakina faida kubwa, nayo ni kweli, kwa hiyo tusiweke roho yetu yote upande mmoja. Mia mbili tukaziweka posta katika kitabu cha akiba, ambako zinaongezeka kidogo sana, lakini usiku wa manane mgonjwa akitokea, asubuhi tunajua pa kwenda. Kwa nyingine tulinunua mitamba miwili kwa Lemburis. Kidogo kilichobaki tuliezekea jiko. Lemburis aliniuliza kwa nini si mitatu. Nikamwambia mwulize waziri wangu wa fedha.

Sitamdanganya tena mtu yeyote. Mwaka uliofuata, mtamba mmoja alikufa kwa ndigana. Wakati ule mitamba yetu ilikuwa bado inalala zizini kwa Lemburis, na yeye mwenyewe alikuja kuniambia, tena alfajiri, saa ile ile. Alisimama mbali kidogo na mlango. Nilimwona uso nikajua, na nikasubiri ile hofu ya zamani inirukie. Ndugu zangu, nilisubiri, haikuja! Niliumia, ndiyo. Ni ng'ombe, ni fedha, ni jasho la mtoto. Lakini niliweza kuinuka. Nilikwenda naye, tukachuna ngozi, nikarudi nyumbani nikala. Yule niliyekuwa zamani angelala siku arobaini.

Kwa hiyo namshukuru Mungu aliyenitafuta kati ya mihogo. Namshukuru mke wangu, na jirani yangu Lemburis, ambaye bado anapita barazani kwetu akitukosoa namna tunavyofuga. Namshukuru na Mzee Rajabu, aliyenieleza mara mbili.

Na wewe unayesikiliza, sikuambii ununue ng'ombe. Sikuambii upande chai, wala uweke kitu posta. Hayo ukayapime na mwenzio nyumbani, maana kila nyumba ina mzigo wake. Ninalokuambia ni hili: chochote ulichokitundika mahali ukasema hiki hakitakufa, kwa hiyo nitaegemea hapa, kiteremshe. Kitazame mchana. Mtegemee Mungu aliye hai, naye atakupa ujasiri wa kupenda kitu kinachoweza kufa. Mimi amenipa! Njooni, onjeni wenyewe!

Nimalizie na la leo. Yule mtamba wa pili amezaa jana jioni, uzao wake wa kwanza. Ndama ni jike, mwekundu, lakini alitoka kwa shida na ni dhaifu. Usiku kucha hakuweza kunyonya. Lemburis amemsugua kwa majani makavu, akasema hajui. Asubuhi nilitaka nibaki, mke wangu akasema niende, niliahidi kanisa. Nilipofunga lango la zizi kuja huku, yeye alikuwa amepiga magoti kwenye majani, kichwa cha ndama kimelala mapajani mwake, anamdondoshea maziwa ya kwanza kinywani kwa kidole. Ndama alikuwa bado hajasimama.